Kichina cha Ng'ombe Mgonjwa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu kule Ole, Pemba, na hakuinuka tena. Hitima ilipokwisha nikaacha skuli, darasa la pili, nikashuka Mkoani bandarini kubeba mizigo ya watu. Sijakaa tena kwenye dawati, na hasara yake sijaiona. Waliobaki darasani wamestaafu, na wakija dukani kwangu husimama nje ya kaunta kama wengine.

Nasema haya ili mtu asidhani nilijifunza Kichina kwa kupenda elimu. Nilijifunza kwa sababu ya mkojo.

Ulianza kunisumbua mwaka juzi. Naenda chooni kila mara, nasimama pale kama abiria anayengoja boti iliyochelewa, yanatoka matone, tena kwa maumivu. Tezi dume, redio inaisema kila siku, hapakuwa na siri. Na hospitali yetu ilikuwa na daktari wa mambo hayo, Mchina, watu wakimsifu. Ila Mchina yule Kiswahili chake kilikuwa "pole" na "njoo kesho" basi. Mkalimani wake alikuwa mmoja tu: mkazamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili, aliyesoma China miaka mitano.

Mtu asiye wa kwetu atauliza, sasa shida iko wapi? Mkazamwana huyo akinimiminia maji ya kunawa hutazama ukutani. Mimi nikimsikia anakuja na sina kofia kichwani, naitafuta kofia kabla ya kuitikia salamu. Leo nikae mbele yake nimwambie amwambie Mchina kwamba baba mkwe hakojoi? Bora nizikwe na mkojo wangu.

"Basi vuka, nenda Unguja," mke wangu akasema.

"Ndani ya boti, safari yote ile, na foleni ya choo?"

"Basi kufa. Mpishi wa hitima ninaye, anapika vizuri."

Ile tafsiri ya kwenye simu niliijaribu. Nikaieleza kwa Kipemba changu, ikaniomba nirudie. Mambo kama yale mimi sirudii.

Fundi bomba mmoja, mteja wangu, akaniunga kwenye kundi la wasap la watu wanaojifunza Kichina, wa Pemba, Unguja, Dar, mpaka Mombasa. Siku ya kwanza nilidhani nimeingia msibani. Kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ni salamu: wameamkaje, poleni na mvua, poleni na jua. Kichina kinaanza baada ya alasiri, na ikiadhiniwa magharibi watu wanaagana. Ndiyo maana wengine wana miaka mitatu mle na hawajamaliza kuhesabu hadi mia.

Mkubwa wa kundi alikuwa mwalimu mstaafu wa Dar, aliyeweka picha ya cheti mahali pa uso wake. Mpinzani wake mama mmoja muuza mapazia, anayekwenda China mwenyewe kununua mzigo. Mwalimu alisema Kichina cha mama yule ni kibovu. Mama alisema kibovu hichohicho kimemlisha miaka kumi.

Nikauliza: "Ng'ombe wangu hakojoi vizuri. Daktari wake Mchina. Nimwambieje?"

"Daktari wa ng'ombe?" akauliza mama wa mapazia.

"Anatibu chochote kinachoumwa."

Wakanipa neno la mkojo: niao. Mwalimu akachora mishale, kwa kuwa Kichina kina sauti nne. Moja inakwenda sawa, moja inapanda, moja inashuka kisha inapanda, moja inaanguka. Niao inaanguka. Sasa mimi nimesoma chuoni, Kurani, mbele ya maalim mwenye henzirani. Mtu aliyechapwa kwa kuvuta herufi pungufu ya haki yake haogopi mishale. Nikarekodi sauti, nikaiangusha kama ninavyomkemea mbuzi aliyeingia muhogoni.

"Hiyo ndiyo," akasema mama wa mapazia. "Mwalimu, msikilize mzee."

"Ameiangusha kupita kiasi," akasema mwalimu.

Siku nyingine mwalimu akatuambia Kichina kina k mbili, moja ina pumzi na moja haina, na kwamba jambo hilo ni gumu sana kwa Mswahili. Nikamwambia Mswahili gani? Kaa wa pwani ana pumzi, kaa la moto halina. Mpemba anazaliwa nazo zote mbili, bila cheti. Hakunijibu mpaka kesho yake, akanijibu kwa salamu.

Kwenye neno la maumivu ndipo walipogombana. Mmoja anasema teng, mwingine anasema tong, kila mmoja na kitabu chake. Siku mbili. Ng'ombe akaumwa siku mbili zote hizo. Ikabidi niulize lile lililonileta: "Na kama ng'ombe angejisemea mwenyewe, angesemaje?"

Mwalimu, kwa vile swali lilikuwa la sarufi, akajibu bila kuuliza lolote.

Nilikwenda hospitali wakati wa adhuhuri, mkazamwana wangu alipotoka kwenda kuswali. Swala yangu niliichelewesha, Mungu anisamehe. Nikaingia, nikafunga mlango, nikasema maneno yangu yote bila kosa. Mchina akainua kichwa. Akanilaza, akanibonyeza tumbo, akaandika karatasi, halafu akanieleza Kichina dakika nzima, tena kwa furaha. Nilikuwa nimejifunza kusema. Kujibiwa sikukufikiria.

Nikamwekea simu mbele ya mdomo, nikamwonyesha kwa mkono arudie. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi, nikaipeleka sauti kundini: "Daktari wa ng'ombe amesema hivi. Amesemaje?"

"Anatoka wapi huyu?" akaandika mwalimu. "Sauti yake ya tatu haishuki vya kutosha."

"Mwalimu, unamsahihisha Mchina Kichina?"

"Kosa ni kosa, mama."

Siku ile hawakungoja alasiri. Watu kumi wakaingia, huyu yu upande wa mwalimu, yule yu upande wa mama, wanaipiga tena na tena sauti ya daktari, na hakuna aliyeniambia kama nitakufa. Mwisho ikajitokeza namba yenye picha ya ua la asumini, ambayo tangu niingie haijapata kusema neno.

"Asalaamu alaikum, mzee wangu. Daktari anasema ng'ombe amevimba tezi kwa umri. Haoni dalili mbaya, ila damu ipimwe. Apewe kidonge kimoja kila siku baada ya isha, na chai ya usiku aache. Arudi Jumatano. Jumatano mkalimani wa pale hana zamu."

"Ng'ombe anakunywa chai?" akauliza mama wa mapazia.

Nikatazama mlangoni kwa daktari. Mkazamwana wangu alikuwa amerudi kutoka kuswali, amesimama ndani, mgongo kwangu, simu mkononi. Hakugeuka. Nikaandika, "Ng'ombe anashukuru," nikatokea mlango wa nyuma.

Jumatano nilikwenda, na Jumatano nyingine. Nyumbani halijasemwa neno. Usiku chai haiji tena mezani, na mke wangu anadai si yeye aliyeiondoa.

Leo nina nyumba ya matofali Mkoani, duka la saruji na mabati, mikarafuu arubaini kule Ole, mashua moja Wambaa, pikipiki mbili, mke mmoja, watoto sita, na vidonge vya miezi miwili.