Mwili Aliouombea Mama

Sisi tuliokulia Ufipa miaka ile, ungetuambia kuna mtu analipa hela ili atokwe na jasho, tungekucheka mpaka tukae chini. Jasho letu lilianza jua halijatoka. Baridi ya mwezi wa sita inang'ata masikio, tunakunywa uji wa ulezi, halafu mbio kwenda shule, vilima viwili na mto katikati. Tukirudi, jembe linatusubiri.

Kwetu upande wa Chala tulilima ntumba. Unakusanya nyasi, unazifukia kwa udongo mpaka linasimama tuta la duara, nyasi zinaozea humo humo na kuwa mbolea. Mama yangu aliinua matuta hayo kutwa nzima, mdogo wangu mgongoni, na jioni anarudi na mzigo wa kuni kichwani huku anaimba nyimbo za kanisani. Jamani, yule mama! Mpaka leo sijui pumzi ya kuimba aliitoa wapi.

Ila sisi hatukumshangaa mama. Tuliyemshangaa ni mke wa mwalimu mkuu, mama mmoja kutoka Mbeya, mnene, mweupe wa kukaa kivulini. Akipita tunaacha kucheza rede, tunamkodolea macho mikono yake ilivyojaa. Mama naye akimwona hujishika kifua: "Mwanangu, Mungu akujalie mwili kama ule, watu wajue unakula." Hakuishia hapo, alisali kabisa. Kila rozari ilipokwisha, mwili wangu uliombewa.

Basi Mungu akasikia. Niliolewa mjini, nikafungua duka la vitenge pale Majengo, nikakaa kwenye kiti. Chipsi mayai, soda, maandazi ya saa nne. Nikanenepa hasa! Kila nikienda kijijini wananisifia nimenawiri, na mama anawaonyesha majirani kama vile kanijenga kwa mikono yake. Na wanangu ndio usiseme. Hawa vijana wa "mambo, poa" wanaita bodaboda kwenda kununua chumvi mtaa wa pili.

Mwaka huu mama alikuja kunitembelea. Nilipomwona alivyokonda nikaogopa, nikasema huyu anaumwa na ananificha. Nikamburuta hospitali. Muuguzi akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama, akapima tena.

"Shikamoo tena, bibi," akacheka. "Moyo huu ni wa msichana!"

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nahema kwa ngazi chache tu tulizopanda. Muuguzi akaniangalia. "Mama, hebu na wewe kaa hapa."

Nikakaa. Safari hii hakucheka. Alinizungushia utepe kiunoni, akamwita daktari. Daktari akanieleza taratibu kwamba mafuta haya ya tumbo ndiyo yanayoubana moyo wangu, na nisipobadilika unaweza kusimama ghafla. Mama akasema polepole, "Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakuombea ugonjwa."

Nilimtazama, miguu ile mikavu, mgongo ule ulionyooka, nikaona maajabu niliyoishi nayo utoto wangu wote bila kuyajua.

Nje nikanyoosha mkono kuita boda. Mama akaushusha, akasema tunatembea. Kabla ya kufika Majengo nilisimama mara tatu, moyo unagonga, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba mama yangu ndiye atakayenizika.

Zamani mzazi akizeeka, mtoto ndiye aliyempokea mzigo na kumngoja njiani. Siku ile mama wa miaka sabini na kitu alinipokea mkoba, akasimama pembeni ya barabara, akanishika kiwiko.

"Pumua, mwanangu," akasema. "Pumua. Mimi sina haraka."