Heshima ya Dasta

Wanafunzi walimwita Mama Pumzi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa muuguzi wa shule, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Chumba chake cha matibabu zamani kilikuwa stoo ya mipira, na harufu ya ngozi haikuwahi kutoka. Yeye alisema afadhali harufu hiyo kuliko manukato ya karani wa shule, ambayo aliyapiga marufuku kwa sababu yaliwakohoza watoto. Karani alimnunia siku kadhaa, kisha wakapatana.

Pumu ndiyo iliyokuwa vita yake. Alipofika pale alikuta dawa za kuvuta za watoto zimefungiwa kabatini, ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ni mtu wa semina. Mama Pumzi alipiga kelele mpaka kila mtoto mwenye pumu akaruhusiwa kutembea na pampu yake. Akahakikisha madarasa yanafagiliwa jioni, watoto wakishaondoka, tena baada ya kunyunyiza maji. Akawafundisha walimu mmoja mmoja, na wale wabishi mara mbili mbili, kwamba mtoto aliyebanwa halazwi chali wala hazungukwi na umati wa kumpepea. Anakaa wima, anavuta dawa yake taratibu kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, anatulizwa, na asipopata nafuu anakimbizwa hospitali.

Hata hivyo, muhula uliopita binti mmoja wa darasa la sita alibanwa akaanguka uwanjani. Alikuwa mtoto mwembamba, mpole, aliyezoea kuwa wa kwanza darasani. Mama yake, fundi cherehani, alifika mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Akianguka tena hapa, namtoa shule," alisema mbele ya mtoto. "Bora awe mjinga, lakini awe hai."

Mama Pumzi alimbembeleza mpaka akakubali kumwacha, na akamweleza umuhimu wa ile dawa nyingine aliyoandika daktari, ya kuvuta kila siku hata kama kifua ni shwari. Tangu hapo binti hakugonga mlango wa matibabu hata mara moja. Mama Pumzi akawa anatembea kifua mbele, akimsimulia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia.

Kisha matokeo ya nusu muhula yakatoka, na binti akawa wa kumi na moja. Mama yake akarudi na utepe wake.

"Sista, hiyo dawa ya kila siku inamla akili. Majirani walinionya. Naitupa leo hii."

"Mama mwenzangu, dawa hiyo inakwenda kifuani. Haina habari na hesabu."

"Basi kichwa kimekwenda wapi?"

 Mama Pumzi aliomba apewe mpaka mwisho wa wiki achunguze. Alijua dawa ikitupwa binti ataanguka, na akianguka, shule ndiyo basi.

Kesho yake alijibanza kwenye dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, akafuatilia somo la hesabu. Mwalimu wa darasa, bwana mchangamfu aliyefunga tai hata siku za joto kali, aliuliza maswali. Kila mara binti alimnong'oneza jirani yake, jirani akanyoosha mkono, jirani akapata. Mama Pumzi akakunja uso. Kumbe kichwa kipo, tena kinagawa bure!

Kengele ilipolia, mwalimu alimwita kijana aliyeshika nafasi ya kwanza. Darasa likapiga makofi. Kijana akafuta ubao kwa madaha, akatoka na dasta, akaigonga ukutani chini ya dirisha mpaka nywele zake zikawa nyeupe kwa vumbi la chaki. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya wa kwanza, na Mama Pumzi mwenyewe alikuwa ameipigia makofi miaka yote. Safari hii alimtazama binti. Alikuwa amevuta sweta mpaka puani, amebana pumzi.

Akamshika mkono, wakatoka nje.

"Mwanangu, unafeli kwa makusudi?"

Binti akatazama viatu vyake. "Wa kwanza ndiye anafuta ubao, Sista. Nikifuta, nabanwa. Nikianguka, mama ananitoa shule. Nikaona bora niwe wa kumi na moja."

"Si ungesema tu?"

"Lakini ile ni heshima. Mtu anaikataaje?"

Mama Pumzi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Shule nzima alikuwa ameinyunyizia maji, kumbe vumbi jeupe linampita mbele ya macho, na makofi juu!

Mwalimu alipoambiwa, kwanza alikuja juu. "Dasta? Mimi nimegonga dasta utoto wangu wote!"

"Ndiyo maana unatukoholea kwenye vikao, Mwalimu."

"Sasa nani atafuta ubao?"

"Aliyeuchafua. Kwa kitambaa kilicholowa."

Mwalimu akanuna, halafu akaangua kicheko, kwani hakuwa mtu wa kinyongo. Wakaafikiana kwamba kuanzia sasa wa kwanza atamtungia mwalimu swali la hesabu mbele ya darasa zima, na mwalimu, apate asipate, ndiye atakayefuta ubao.

Mama wa binti aliitwa, akaelezwa yote. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akawa anauzungusha utepe vidoleni.

"Kumbe ni mdomo wangu," alisema. Akamgeukia bintiye. "Niliogopa, mwanangu. Sikutoi."

"Hata nikianguka?"

"Hata ukianguka. Utainuka, utarudi darasani. Na dawa yako utaendelea nayo."

Siku ya mtihani wa mwisho wa muhula, asubuhi, mlango wa matibabu uligongwa. Alikuwa binti, pampu mkononi.

"Sista, kifua kimeanza kubana."

Mama Pumzi alimkalisha wima, akamshikia chupa, akamhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Dawa iliposhuka na mabega yakalegea, akamuuliza, "Mbona zamani hukuwa unakuja?"

"Nilikuwa najificha chooni mpaka kifua kiachie. Mama asijue."

Muhula mzima Mama Pumzi alikuwa akijigamba, na mtoto alikuwa akihangaika peke yake chooni. Machozi yalimlenga. Akamsikiliza kifua mara ya pili, akamfunga vifungo vya sweta, akamwambia kuanzia leo agonge mlango huo hata kama ni kikohozi cha uongo. Hakuwahi kufurahi hivyo kumwona mgonjwa.

"Naweza kwenda?" aliuliza binti, tayari amesimama. "Tunaanza na hesabu, na swali la Mwalimu nimeshalitunga."