Uvundo Katika Msitu wa Kijiji

Asnath alikuwa mjane wa huko Iramba, mrina asali tangu ujana wake. Kijiji kilipotenga msitu wa akiba, mahali pa mizinga na kuni kavu tu, alichaguliwa kwenye kamati ya kuulinda pamoja na Chediel, mdogo wa marehemu mumewe.

Asubuhi moja, akienda kukagua mizinga, alipigwa na uvundo. Korongoni ilitupwa mizoga ya punda iliyochunwa ngozi, nyama ikioza, funza wakichezacheza machoni. Asnath alitapika. Akaenda moja kwa moja kwa Chediel.

"Shemeji, nani kaleta uchafu ule msituni?"

Chediel akatazama pembeni. "Wanunuzi wa ngozi walikosa pa kuchinjia. Nikawaonyesha kule, watu hawapiti."

"Mimi si mtu?"

"Usikasirike, shemeji. Fisi watamaliza."

Asnath akatema mate chini, mbele ya miguu ya Chediel, akaenda kuwaita wanakijiji, na baadhi yao wakatambua kwato za punda wao walioibwa. Siku hiyo hiyo walimtoa Chediel kwenye kamati, wakampa jembe na sepetu. Alifukia mizoga peke yake, shati limefungwa puani, huku wenye punda hao wakimtazama bila kumwonea huruma.

Msimu ule asali ilikuwa nyingi, na wateja waliisifu. Asnath aliirina, akaichuja, akaiuza yote. Yeye mwenyewe hakuilamba hata kwa ncha ya kidole. Kila alipoikaribia, alisikia ule uvundo wa korongoni.