Laini ya Bibi

"Kati ya kampuni ya simu na serikali, wewe ungempa nani kidole chako?"

Bibi aliniuliza hivyo asubuhi tuliyokwenda Nyaishozi kusajili upya laini yake kwa alama ya kidole, isije ikafungwa. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina neno juu ya kila kitu. Nikamwambia kwamba kampuni zinauza taarifa za watu, ndiyo maana tunaletewa ujumbe wa mikopo na kamari.

"Hao nawajua," alisema. "Wanataka niongeze vocha. Mtu ukiijua njaa yake, utaishi naye. Serikali inakuuliza mama yako kazikwa wapi, halafu haikwambii inataka nini."

"Serikali angalau ina sheria."

"Leo ina sheria, mke mwenza? Jana ulikuwa unaisema."

Ni kweli. Sikuwaamini wote wawili. Lakini laini ile niliihitaji. Nilikuwa nimepanga chumba Kamuli, najitolea kufundisha sekondari huku nikisubiri ajira ya serikali. Kila jioni bibi alinipigia kutoka kwake Nyakakika, na kwa siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee isiyoniita mwalimu.

Wakala alikuwa amekaa chini ya mwavuli kando ya barabara. Bibi alifungua fundo la kanga, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni aliyefika nyumbani, kisha akaweka kidole kwenye mashine bila kuombwa.

"Namba ya kitambulisho cha taifa, bibi?"

"Sina. Kidole si umekipata?"

"Kinakwenda serikalini kwanza, wakilinganishe. Wakikubali ndipo tunasajili."

Bibi aliondoa kidole, akakifuta kwenye kanga. "Kumbe ninyi ni mlango wao wa uani."

Nikamwambia wakala asajili kwa kitambulisho changu. Bibi akanishika mkono.

"Kwangu usitie jina lako."

"Ni laini tu, bibi."

"Nimesema."

Hakuwahi kunisemesha hivyo. Wakala akajaribu kututuliza: "Bibi, mjukuu anataka akupate hewani."

"Nilikuwepo kabla ya hewa yenu," alijibu, na tukaondoka.

Laini ilifungwa. Kamuli niliendelea kupiga, nikaambiwa namba haipatikani, nikapiga tena. Nilipika ndizi za mtu mmoja. Nyuma ya ukuta familia ya mwenye nyumba ilisali Kinyambo, nami nilipunguza redio nisikie watu wakiitikiana. Nilimkasirikia bibi. Niliona amechagua mashaka yake akaniacha mimi, na sikuweza kumlaumu kwa sauti, kwa kuwa mashaka ndiyo niliyokuwa nikimhubiria kila likizo.

Nilipokwenda kumwona alinimenyea ndizi, akaniuliza habari za ajira. Ya laini hatukuyagusa. Alipougua, habari zilinifikia kwa mtu aliyekuja na mzigo wa maharage, naye alinikuta bibi ameshazikwa.

Nilikuwa nimeshaajiriwa miaka kadhaa mama mdogo aliponieleza kwamba bibi alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, nje ya nchi, akavushwa mgongoni mwa mama yake, na hakuwahi kuwa na karatasi ya upande wowote. Kwamba alichoogopa siku ile ni serikali kumtafuta yeye na kukuta jina langu kwenye laini yake, uraia wangu nao ukatiliwa shaka kabla sijapata kazi.