Roboti Iliyotuponyoka Owino

Leo nimevutana na afande mwenye bunduki kwa ajili ya roboti ya plastiki.



Nilikuwa soko la mitumba la Owino, mzigo wa vitu vya watoto ndio kwanza unafunguliwa. Nikaiona: roboti nyekundu ya ile katuni yetu ya utotoni, ya Jumamosi jioni! Miaka sita naitafuta. Nikaishika mguu.

Kumbe afande naye ameshika kichwa.

"Mkenya, wacha hii kitu. Mimi nilishika kwanza."

Sheria ya hapo ni moja: ulichoshika ni chako, ukiachia ni cha yeyote. Sikuachia. Akavuta, nikavuta. Watu wakaanza kurudi nyuma, macho kwenye bunduki.

Akanikazia macho. "Unajua hata wimbo yake?"

Nikaanza kuimba.

Afande akanitazama weee... halafu akadakia kwa sauti nzito, macho amefumba. Hakukosea hata neno.

Sasa mnajua vile ule wimbo huisha. Roboti inainua mikono juu, na kila mtoto mbele ya TV anainua nayo.

Tukainua. Sote wawili. Mikono yote minne.

Mama mmoja nyuma yetu akaiokota roboti, akalipa, akaitia kikapuni chini ya nyanya.

"Webale, ssebo," akanishukuru. "Mjukuu wangu ataoga nayo."

Afande alikuwa bado hajashusha mikono.

Semeni ukweli: wimbo ule ukifika mwisho, nani kati yenu angebaki ameshika?