Mikojo Sita Hadi Kanisani

Maaret Saijets alikuwa na miaka sitini na sita na hajawahi kupotea hata siku moja, na hilo ndilo lililomponza. Miaka arobaini aliwapikia wachungaji wa kulungu wa theluji, akihama na masufuria yake kutoka upande huu wa Ziwa Inari hadi ule, na safari zote alizipima kwa kipimo cha marehemu baba yake. Kulungu wa theluji hawezi kukojoa huku anakimbia; lazima asimame. Basi mwendo anaokwenda kabla hajasimama ndio mkojo mmoja, kama kilomita saba na kitu. Maaret aliijua mikojo ya nchi nzima ya Inari, huko kaskazini kwenye barafu. Walikuwepo waliosema anajua hata kulungu gani alikojoa wapi, na hakuna aliyethubutu kuwapinga.

Jumamosi ya Pasaka alikuwa safarini kwenda kanisa la Vuontis. Binti yake wa pekee, Ristin, alikuwa anaolewa saa tisa alasiri. Walikuwa hawajasemezana miaka minne, tangu Maaret alipomwita mchumba wa binti huyo, mtu wa kusini, kijana asiyeweza kuwasha moto hata ndani ya jiko. Wiki iliyopita Ristin alimwandikia kwenye simu: "Harusi saa tisa. Ukiwepo, upo. Usipokuwepo nitakuwa nimejua, na sitakuuliza tena." Maaret akajibu neno moja: "Nakuja." Kifuani, chini ya shali, alificha bizimu ya fedha ya bibi yake, ile inayofunga shali ya kila bibi harusi wa ukoo wao.

Pikipiki yake ya theluji ilikuwa imekatika mkanda. Ndipo jirani yake, mzee Uula Mattus, akamtolea gari lake jipya la umeme, ambalo alilipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

"Hicho kigari chako cha kusukuma tunakibebea nini?" Uula aliuliza asubuhi, akitazama kile kiti chenye vyuma viwili virefu vya kuteleza, ambacho wazee husukuma kwa mguu wakienda dukani. "Kinakula chaji."

"Wewe mwenyewe unakula chaji, na hicho kitambi. Nimekuuliza?"

Saa sita na nusu wakafika dukani kwenye mashine za kuchaji. Zilikuwa mbili. Moja imefungwa mfuko wa plastiki, na ya pili ina foleni ya Wanorwe waliokuja kuvua samaki, kila mmoja na trela lake kama kanisa.

"Saa mbili za kungoja," Uula akasema. "Chaji iliyobaki ni ya kilomita sabini. Simu inasema hatufiki, Mama Ristin."

"Simu yako imezaliwa lini?"

"Mwaka jana."

"Basi inyamaze wakubwa wakizungumza. Hapa hadi Vuontis ni mikojo sita. Kilomita arobaini na tano. Washa gari, mzee."

Uula akawasha, maana mwanamke huyu hakuwahi kupotea.

Upepo ukawa unalipiga gari usoni. Betri ikaanza kushuka kama ndoo iliyotoboka. Wakazima joto. Baridi ikaingia hadi, wanavyosimulia, Uula akipumua pumzi inamdondokea mapajani, ngumu, na anaifagia kwa kofia. Kisha kulungu kumi na wawili wakawazibia njia, wamelala kwenye lami iliyopashwa joto na jua, wanacheua.

"Piga honi!"

"Honi inakula chaji!"

Maaret akashuka akawafukuza kwa matusi. Saa saba ikapita. Mikojo sita ikaisha, ukaja wa saba, wa nane, na kanisa halionekani. Barabara ilikuwa inajikunja kushoto tu, kushoto tu.

"Mama Ristin," Uula akasema taratibu. "Hii njia umewahi kuipita?"

Maaret akazihesabu moyoni safari zake zote. Majira ya baridi alivuka juu ya barafu. Kiangazi alipita kwa mashua. Mikojo yote ya baba yake ilikuwa ya kukata ziwa katikati, na gari haliruhusiwi kukata ziwa. Lilikuwa linalizunguka.

Saa nane na dakika tano gari likalia kidogo, likazimika kando ya ghuba. Simu haikuwa na mtandao.

"Kwa barabara bado kilomita ishirini na tano," Uula akasema. Hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Maaret zaidi.

Usipokuwepo nitakuwa nimejua. Atajua nini? Kwamba mama yake alimchukia hadi siku ya mwisho! Maaret akatazama ng'ambo ya ghuba. Mbali, mdogo kama mwiba, ulisimama mnara wa kanisa. Kwa barafu ulikuwa mkojo mmoja, tena haujatimia.

"Nitelemshie kigari."

"Theluji ya juu imeshalainika na jua, utazama."

"Nitelemshie, Uula!"

Akasukuma. Guu la kushoto juu ya chuma, la kulia likipiga. Wanasema barafu ilifuka moshi nyuma yake. Lakini theluji ililainika kweli; mara tatu vyuma vilizama, mara tatu akaanguka kwa magoti, na mara ya tatu akalia kwa sauti, peke yake katikati ya ziwa. Akapapasa kifua. Bizimu ipo. Akainuka. Kengele ya saa tisa ikagonga angali mbali, na ilipokoma akaendelea kusukuma tu, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

Alipofika ufukweni ilikuwa saa tisa na nusu. Mbele ya kanisa wageni wote, ndoa haijafungwa bado, walikuwa wamekodolea macho barabara. Mtu mmoja tu alikuwa chini huku, kwenye ukingo wa barafu, amevaa nguo ya harusi na mabuti ya theluji, shali imemlegea kifuani bila kifungo.

"Umechelewa, mama," Ristin akasema. Macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukungoja barabarani, na wenzio?"

"Wewe na barabara wapi na wapi?"

Maaret akatoa bizimu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, akashindwa kuifunga. Ristin akaifunga mwenyewe, kisha akaishika ile mikono akaipulizia.

"Mama, umekuja na nani?"

"Na Uula. Yuko ng'ambo kule, anaganda," Maaret akasema. "Mtume huyo mumeo akamwashie moto. Ndio nimuone."