Mama aliyemfundisha mwanawe kuwa mzima

"Ndugu wa washtakiwa huwafundisha kuigiza ukichaa ili wakwepe jela."

Kaandika hivyo wakili mmoja humu kundini jana, na mkampigia makofi.

Sasa sikieni ya leo.

Kazi yangu ni kuwapangia washtakiwa uchunguzi wa akili mahakama inapouagiza. Leo ilikuwa zamu ya kijana wa Nansio, kule kisiwani, aliyechoma nyavu za jirani. Mama yake kavuka ziwa kuja, na kweli alikuwa amemfundisha.

Kamfundisha kuonekana mzima!

Daktari: "Unaitwa nani?"

Kijana: "Shikamoo daktari. Nalala vizuri. Nakula vizuri. Sisikii sauti yoyote."

Mama akatabasamu kama mwalimu siku ya matokeo.

"Na nyavu ulichoma kwa nini?"

"Sangara wa ziwani waliniomba. Walikuwa wanalia."

Mama akaruka: "Hilo hatukulisoma!"

Kisha akamsogelea daktari. "Daktari, Jumamosi wanaleta posa ya dada yake huyu. Wakisikia tuna kichaa, wanageuza. Andika malaria imempanda kichwani."

"Mama, nikificha ugonjwa, atafungwa kama mhalifu na hatatibiwa."

Mama akamtazama mwanawe. Akamweka sawa kola ya shati, na mimi mwenyewe nikaacha kucheka.

"Basi andika sangara."

Wakili, futa lile andiko lako leo hii.

Na ninyi washenga mnaopekua koo za watu: acheni kuuliza kama kuna mgonjwa wa akili. Ulizeni kama anatibiwa. Mkijibiwa ndiyo, leteni mahari.